Bibi wa Ujiji na sinema ya nyumba yenye majini

Treni iliposimama Kigoma, abiria wote walikuwa wameshainuka zamani, mabegi begani, kuku wakilalamika ndani ya matenga. Mwanangu peke yake ndiye aliyebaki kitini, kanishika mkono kwa nguvu. Ana miaka tisa. Akaniuliza, "Mama, nyumba ya bibi ina dari?"

Nikamwambia ina dari, ya mbao.

"Basi mimi silali humo."

Mzazi mwenzangu, niseme ukweli tangu mwanzo: kosa lilikuwa langu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na ukikaa humo siku mbili na mtoto asiyetulia, yeyote anayejitolea kumtuliza unamwona malaika. Jirani yetu wa behewa alikuwa kijana mpole mwenye simu ya kioo kikubwa na kadi iliyojaa sinema. "Mama, mwache aangalie kidogo." Nikamwacha. Nikalala usingizi mtamu kuliko wote wa safari ile. Nilipoamka tunakaribia Tabora, mwanangu alikuwa macho makavu, shuka kajifunika mpaka puani.

Sinema yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu ziko nyingi za namna hiyo na nyingine ni nzuri kuliko ile. Familia inahamia nyumba mpya. Usiku kitu kinatembea darini. Mlango unafunguka wenyewe, taa inazimika, mtoto wa familia anaugua ugonjwa usiojulikana hospitali. Anakuja bibi kutoka kijijini kusaidia kumuuguza, amebeba kibuyu, na kamera inamsogelea taratibu mpaka unayaona macho yake: mekundu. Mwisho wa yote, majini ya darini ni ya kwake.

Sasa fikiria tulikuwa tunaelekea wapi. Tulikuwa tunaelekea kwa mama yangu, Kitongoni, Ujiji, kwenye nyumba ya zamani ya bati na dari ya mbao. Na mama yangu ana macho mekundu.

Alitusubiri barazani. Mwanangu alitoa shikamoo kutoka nyuma ya gauni langu, kwa sauti ya mbu. "Marahaba mume wangu," mama akaitikia, kama bibi wa huku anavyomtania mjukuu wa kiume, akanyoosha mikono ampokee. Mikono ikabaki hewani. Mtoto hakutoka nyuma yangu. Mama akaishusha, akacheka kidogo, akasema, "Mume wangu kanikimbia, labda kapata mke mwingine huko Dar." Wote tukacheka. Lakini namjua mama. Alikwenda jikoni kabla ya wakati wa kwenda jikoni.

Macho yale nayajua historia yake. Mama alitulea kwa mawese. Anayekula mawese mezani Dar es Salaam hajui kazi yake: chikichi zinachemshwa kwenye pipa juu ya kuni, zinatwangwa, zinakamuliwa, mafuta yanachemshwa tena, na mtu amesimama juu ya moshi huo asubuhi mpaka jioni. Msimu wa chikichi ukipungua, alikuwa akibanika migebuka. Moshi tena. Miaka thelathini na ushee ya moshi. Ada zangu za shule zimo ndani ya wekundu ule.

Na hili si jambo la kuchekea. Nchi hii ina wazee, wengi wao wanawake, waliouawa kwa kuitwa wachawi, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na macho mekundu yametajwa mara nyingi kuwa ndiyo "ushahidi". Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika habari za mauaji haya katika ripoti zake za kila mwaka. Mkoa wa Kigoma nao umesumbuliwa na vikundi vya kamchape, wale wanaoingia kijijini wakidai kufichua wachawi nyumba kwa nyumba na kuchukua pesa za watu, huku nyuma wakiacha ndugu waliogombana. Tuna Sheria ya Uchawi tangu 1928, na moja ya mambo inayoyakataza ni kumsingizia mwenzako kuwa mchawi. Mtoto wa miaka tisa hajui sheria hiyo. Yeye anajua alichokiona kwenye kioo cha simu.

Usiku wa kwanza alilala kwangu, magoti yake mbavuni mwangu. Nyumba ile haina kimya. Bati linapopoa baada ya kushinda juani hujikunja na kulia "ta! ta!" kama mtu anayekunja vidole. Darini kuna popo. Uani kuna mwembe mkubwa, tulikwenda Desemba, maembe yakianguka juu ya bati usiku kucha: puu, kisha yanabingirika mpaka ukingoni, kisha kimya, kisha puu nyingine. Mimi nimelala chini ya mdundo huo utoto wangu wote. Sikuwahi kujua kwamba unatisha mpaka nilipousikiliza kwa masikio ya mtoto aliyetoka kuangalia sinema.

Asubuhi nikafanya nilichojua. Nikamwambia tutoke tukaone nyumba zote za Kigoma ambazo watu husema zina mizimu. Nilijua ziko kadhaa, maana mji huu una sifa. Ukitaja Kigoma kwenye daladala la Dar es Salaam hukosi mtu wa kukuuliza kama mnatumiana radi. Nimejibu utani huo tangu nikiwa chuo, na siku hizi jibu langu ni fupi: mashariki mwa Kongo, ng'ambo tu ya ziwa letu, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Mawingu hayahitaji mganga.

Tulianzia kituo cha reli, ambako siku iliyotangulia tulipita mbio. Ukikitazama kwa utulivu ni jengo zuri mno, lenye matao na kuta nene za Wajerumani. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa 1914, mwaka uleule vita kuu vilipoanza, na ndipo ulipotoka msemo wetu wa mwisho wa reli. Jirani na kituo, kilimani, kuna jengo jingine la enzi hizo ambalo wenyeji huliita nyumba ya Kaiser. Wanasema lilijengwa kwa ajili ya mfalme wa Ujerumani atakapokuja kutembea. Wanasema pia kuna njia ya chini ya ardhi kutoka nyumba ile mpaka kituoni, na kwamba usiku husikika viatu vya askari ndani yake. Njia hiyo kila mtu ana mjomba aliyeiona. Sijakutana na mjomba mwenyewe. Ninachokijua ni kwamba Kaiser Wilhelm hakuja. Nyumba ikamsubiri, vita vikaja badala yake.

"Kwa hiyo mzimu wake haupo?" mwanangu akauliza.

"Utakuwepoje na mwenyewe hakufika?"

Akalifikiria hilo mpaka bandarini.

Bandarini nilimsimulia Liemba. Hii ni hadithi ambayo mtunzi wa sinema za kutisha angeipenda, ila hakuna wa kumwogopa ndani yake. Meli ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa yote, ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa kwa bahari na reli, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kuingizwa majini 1915 kwa jina la Goetzen. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini kwanza wakaipaka grisi mashine zake zisioze. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Ilikaa chini ya maji miaka mingi, ikafufuka, ikabeba abiria na mahindi na dagaa kwa miongo na miongo. Mwanangu alitaka kujua kama samaki walikuwa wamelala vitandani. Nikasema bila shaka.

Ujiji tulirudi kwa bajaji. Kwenye kumbukumbu ya Livingstone, chini ya miembe, ndani ya jumba la makumbusho zimesimama sanamu mbili kubwa kuliko watu wa kawaida: Stanley na Livingstone wakiamkiana, kama walivyokutana mtaa huu mwaka 1871. Nikiri kwamba sanamu zile zilimtisha mwanangu kuliko kila kitu tulichokiona siku hiyo, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilipokuwa darasa la nne nililia mbele yake.

Lakini nje, kwenye kivuli, ndipo nilipokwama kwa maneno. Watu huja Ujiji kusikia habari za wazungu wawili kuvua kofia. Nyuma ya mkutano ule kuna jambo lingine. Livingstone alikuwa ametoka Nyangwe, kwenye Kongo ya leo, ambako Julai ya mwaka huohuo alishuhudia wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, mamia wakifa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Na watu waliovushwa ziwa hili wakiwa wamefungwa walipitia hapa Ujiji, wakaanza kutembea kwenda Tabora na hatimaye Bagamoyo. Wazee wa hapa husema miembe iliyopanga mstari inaonyesha njia waliyopita. Unamwambia nini mtoto wa miaka tisa aliyeogopa jini la darini? Nilimwambia hivyohivyo ilivyokuwa, kwa maneno machache. Alinyamaza, kisha akauliza kama kulikuwa na watoto. Nikasema walikuwepo. Hakuniuliza kama usiku wanatokea. Aliuliza kama walipewa maji njiani.

Nilijifunza kitu kwenye swali lile, ingawa si jambo la kutangaza. Hofu ya sinema ilimfanya ajifiche nyuma yangu. Habari hii ya kweli ilimfanya awaulizie wengine.

Kuna jambo dogo nililipenda pale. Mnara umesimama mbali na maji, mpaka mgeni anashangaa Livingstone aliteremkia wapi. Ni ziwa lililohama. Miaka ya 1870 mto Lukuga, upande wa Kongo, ulivunja kizuizi chake na maji ya Tanganyika yakaanza kutoka kwa nguvu. Ziwa likashuka mita kadhaa, ufukwe wa Ujiji ukasogea. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, lina tabia zake. Na miaka ya karibuni limegeuka tena: tangu 2020 hivi maji yamepanda na kumeza nyumba za watu waliokuwa wamejenga karibu mno.

Zile nyumba ndizo mwanangu alizotaka kuziona. Watoto wa mtaani walikuwa wameshamwambia: kuna nyumba ya majini ufukweni. Tukaenda na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka ishirini na moja anayepiga picha za harusi kule Mwanga. Ni nyumba ya vyumba vitatu. Maji yamefika magotini sebuleni, madirisha yameng'olewa, ukutani bado kuna kalenda iliyolowa na alama za penseli za kumpima mtoto urefu. Wimbi likiingia mlango wa mbele, mlango wa nyuma unajifunga taratibu, kiii, kisha unafunguka. Nywele zilinisimama, nisiwadanganye.

"Shangazi," mtoto wa kaka yangu akasema, "hapa pana sinema."

Basi jioni hiyo barazani tukapata somo ambalo sikulipanga. Kijana yule anajua kazi yake kuliko nilivyodhani. Alimweleza mdogo wake kwamba sinema za nyumba zenye mizimu ndizo rahisi kuliko zote kutengeneza, kwa sababu nyumba kila mtu anayo. Alimpa mfano wa Paranormal Activity. Oren Peli, mtu wa kuandika programu za michezo ya kompyuta, aliirekodi ndani ya nyumba yake mwenyewe San Diego, Marekani, mwaka 2006, kwa wiki moja hivi, na dola 15,000 tu. Iliingiza zaidi ya dola milioni 190. Kwa muda mrefu unachokiona ni chumba cha kulala, kamera imesimama, watu wamelala. Mlango unasogea sentimita chache. Basi. Kazi yote iliyobaki unaifanya wewe mtazamaji, kwa kukodoa macho kutafuta kitu gizani.

Hapa kwetu ni hivyohivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bongo Movie ikiwa bado inatambaa, Mussa Banzi alitoa Nsyuka, jina la Kinyakyusa linalohusu mfu aliyefufuka, kisha Shumileta, ya jini la kike linalompenda binadamu. Kamera za video za kawaida, nyumba za kawaida, damu ya rangi. Nazikumbuka kwenye kibanda umiza cha hapahapa Ujiji, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta likinguruma nje, nusu ya ukumbi umeziba macho kwa kanga na bado unachungulia. Tulirudi nyumbani mbiombio tumeshikana mikono tukicheka. Kwa hiyo mimi siyo wa kusema sinema za kutisha zifutwe. Nilizipenda. Tofauti, nadhani, ni kwamba sisi tulikuwa arobaini ukumbini. Mwanangu alikuwa peke yake ndani ya shuka na spika za masikioni.

Bodi ya Filamu, kwa sheria ya 1976, hukagua filamu na kuzipangia daraja la umri. Ni kazi nzuri, na ukinunua au kwenda ukumbini alama ile itazame. Kwenye kadi ya simu ya jirani wa treni hakuna alama. Alama ni wewe, nami nilikuwa nimelala.

Binamu mtu akafanya jambo moja nililoliiba na ambalo nakupa bure. Aliitafuta sinema ileile, akaiweka mchana kweupe, sauti imezimwa. Jaribu siku moja. Mlango unafunguka: ni mlango. Mama anapiga kelele bila sauti kama samaki. Bibi anaingia na kibuyu. "Sasa angalia nikiweka sauti," akasema, na mngurumo ule wa chini ukaja, na mwanangu akaruka. Akaizima tena. Akaiwasha. Mara ya tano mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa akibonyeza, akicheka.

Kisha nikamuuliza, "Huyu bibi umejuaje ni mbaya kabla hajafanya lolote?"

"Macho yake."

"Macho yamefanya nini?"

Hakujibu. Mama alikuwa anachambua mchele hatua tatu kutoka kwetu. Mtoto alimwangalia, akaangalia chini.

Kesho yake wakaamua kurekodi yao. Watoto sita wa mtaa, simu moja, tochi mbili, nyumba ya mama yangu. Nyumba ya majini nilikataa: kuta zinaweza kuanguka na maji yale sijui yana nini. Sauti za kutisha zilitoka kwa sufuria, bati na mmoja wao aliyekuwa na kikohozi. Kilichokosekana kilikuwa mzimu. Wakajaribu mtoto aliyefunikwa shuka, akachekesha. Ndipo mama akasema kutoka jikoni, "Kwani mimi sifai?"

Mama yangu ana miaka sabini na mbili. Alijifunga kaniki, akashika kibuyu chake halisi cha kuwekea mbegu, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kati, tochi ikimpiga kutoka chini. Hakusema neno. Aliinua tu uso polepole. Watoto walitoka nje wote kwa dirisha na mlango, mpiga picha akiwa wa kwanza. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Na mwanangu, aliyekuwa nyuma ya mwembe, alirudi mwenyewe, taratibu, akasimama mbele yake akamgusa shavuni na kidole kimoja. "Bibi, yanauma?" Akimaanisha macho.

"Yanawasha tu, mume wangu. Moshi huo."

Ningeweza kuishia hapo, hadithi ingependeza. Lakini usiku mtoto wa kaka yangu alikuja na simu. Alikuwa ameikata vizuri, sekunde hamsini, na mngurumo ameuweka, na jina: Bibi wa Kitongoni. Ilitisha kweli. Alitaka kuiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp na kuirusha kwenye magrupu. "Shangazi, hii itatembea. Nitapata kazi."

Nilifurahi kwa ajili yake. Nilikuwa nataka kusema weka. Mama akaomba aione. Akaishika simu mbali na uso, kama wazee wanavyoshika, akaiangalia mara moja mpaka mwisho. Hakucheka safari hii.

"Anayenijua ataniona nacheza," akasema. "Anayenijua si mwingi. Huyu wa Kasulu, wa Uvinza, atakayetumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu, ataona nini?"

Kijana akasema wataandika chini kwamba ni maigizo.

"Mtoto wangu, maandishi yatakatika, uso utabaki."

Nikakumbuka kwamba nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mtoto aliyekuwa mgonjwa wiki ile. Nikakumbuka kwamba mama anaishi hapa peke yake na msichana wa kazi, na mimi naishi siku mbili za treni kutoka mlango wake. Hakuna aliyewahi kumsema vibaya, na Ujiji ni mji wa watu waungwana. Lakini maneno ya namna hiyo hayaanzi na watu wabaya. Huanza na kitu kilichoonekana.

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Ilimuuma, na alikuwa na haki ya kuumia. Ilikuwa kazi yake bora. Kisha akaifuta mbele yetu, akaifuta na kule zinakokwenda picha zilizofutwa. Asubuhi walirekodi nyingine. Ndani ya hiyo mzimu ni mtungi wa maji unaotembea wenyewe, umefungwa uzi wa kuvulia, na bibi ndiye pekee nyumbani asiyeuogopa: anautazama, anauchotea maji, anakunywa. Haitishi hata kidogo. Ina watazamaji wachache, wengi wao ni sisi.

Usiku wa kuamkia safari tulishuka ufukweni na mama. Mwezi ulikuwa umekufa, giza zito, na ziwani zilikuwa zimewaka taa za wavuvi wa dagaa, mamia, mstari mrefu kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai. Mama anasema ulizisikia zikivuma. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za jua. Alimweleza mjukuu wake kwamba dagaa huifuata taa, na kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi hukaa nyumbani, maana samaki haoni sababu ya kuifuata taa ndogo wakati kuna kubwa. Mwanangu akauliza kama dagaa huwa wanajua ni taa ya uongo. "Wangejua tungekula nini?" mama akasema.

Tulirudi wamenitangulia, wameshikana mikono. Alilala chumba cha kati, kwenye kitanda cha bibi. Mimi nililala upande wa pili wa ukuta, masikio wazi, kama kila mama ninayemjua.

Saa nane hivi usiku kitu kilianguka juu ya bati, puu, kikabingirika. Nikashika pumzi nikingoja kilio.

"Embe," nikamsikia akisema gizani.

"Embe," mama akajibu. "Ukaliokote mapema, kabla ya mbuzi."